Picha linaanza: majina ya mwanzo ya filamu yanavyotutega kabla stori haijafunguka

Fundi Mitambo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani tumebishana sana kuhusu steringi yupi mkali, mwisho gani ulikuwa wa hovyo, muvi ipi ilibebwa na matangazo. Sijaona mtu akifungua uzi kuhusu zile dakika mbili tatu za mwanzo, majina yanapopita. Wengi wetu ndipo tunapoinuka kufuata bisi. Leo nataka tukae hapo hapo.

Naona yale majina yana kazi mbili. Ya kwanza ni kukwambia umekaa mbele ya picha ya aina gani: ya kutisha, ya upelelezi, ya mapenzi, ya kuchekesha. Hiyo si kazi kubwa, muziki na umbo la herufi vinaimaliza. Ya pili ni kukuachia swali, na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu inabidi wakuonyeshe kitu cha kweli kutoka ndani ya stori halafu wakunyime maana yake.

Chukueni Se7en ya David Fincher, ya mwaka 1995. Haianzi na majina. Kwanza tunamwona mpelelezi mzee, Morgan Freeman, akijiandaa asubuhi kwenda kazini, anakutana na mpelelezi kijana, mwenzake mpya, kisha usiku yuko kitandani ametega kile kifaa cha wanamuziki cha kupimia mapigo ili kizime kelele za mjini. Tik, tak. Ghafla majina yanaingia, na tunaona mikono. Mikono tu. Wembe unakwangua ngozi ya ncha za vidole. Sindano inashona kurasa za daftari. Mistari ya kitabu inafutwa kwa wino mweusi. Herufi zenyewe zimekwaruzwa kwa mkono, zinaruka na kutetemeka kama mtu aliyekosa usingizi, na chini yake unasikika wimbo wa bendi ya Nine Inch Nails, Closer, uliochanganywa upya. Kazi hiyo ilibuniwa na Kyle Cooper, wakati huo yuko kampuni ya R/Greenberg Associates.

Sasa angalieni kilichofanyika. Uso wa muuaji tunakuja kuuona wazi picha ikiwa imekwenda mbali sana, lakini chumbani kwake tumeshaingia tangu mwanzo. Tumemwona akifanya kazi kwa bidii, kwa utulivu, bila haraka. Kinachotisha hapo si damu, ni subira yake. Ule wembe unaelezwa baadaye sana, polisi wanapogundua kwa nini hawakupata alama za vidole vyake popote. Mtu aliyetoka kufuata bisi amekosa ushahidi wa kwanza wa kesi.

Na kuna lingine. Kevin Spacey, aliyemwigiza muuaji, jina lake halipo kabisa kwenye majina ya mwanzo. Mwenyewe ndiye aliyetaka lisiwekwe. Mtazamaji akisoma jina kubwa halafu asimwone mwenye jina, atakaa akimsubiri, na akitokea tu atajua huyu ndiye. Kwa hiyo hata jina lililokosekana ni sehemu ya mtego.

Haya mambo hayakuanzia kwa Fincher. Huko nyuma, kwenye kumbi nyingi za Marekani, majina yalikuwa yanamulikwa juu ya pazia ambalo bado limefungwa, pazia linafunguka stori inapoanza. Yalikuwa karatasi ya mahudhurio tu. Mwaka 1955 Otto Preminger alitoa The Man with the Golden Arm, stori ya mcheza karata aliyenaswa na heroini, jambo ambalo kanuni za maadili za Hollywood zilikuwa hazitaki liguswe. Makopo ya mikanda yakaenda kwenye kumbi na maelekezo kwa waendesha projekta: fungueni pazia kabla ya majina.

Aliyetengeneza majina hayo ni Saul Bass, mchoraji wa matangazo mzaliwa wa Bronx, New York. Ni mistari myeupe kwenye weusi, inaingia kutoka juu, pembeni, inakatana, huku jazi ya Elmer Bernstein inapiga. Mwishoni mistari inageuka kuwa mkono uliopinda, umekatika kama karatasi iliyochanwa. Hakuna sindano, hakuna unga. Kuna mkono ambao hauko sawa, na wewe unabaki kujiuliza una nini.

Baadaye Bass alifanya kazi na mwongozaji Alfred Hitchcock. Kwenye Vertigo ya 1958 tunamwona mwanamke kwa karibu mno, midomo, kisha macho, kisha jicho moja linageuka jekundu na jina la filamu linatokea ndani ya mboni. Kisha zinafuata duara zinazojizungusha bila mwisho. Hizo duara zilichorwa na John Whitney kwa kutumia mtambo wa kulengea mizinga ya kutungulia ndege, uliobaki baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwanamke huyo hatuambiwi ni nani wala anaogopa nini. Psycho ya 1960 ni mistari tu inayogonga na kupasua majina, na vinanda vya nyuzi vya Bernard Herrmann vinavyokimbia. Hapo hamna mtu hata mmoja kwenye skrini na tayari tumbo limekaza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kazi iliyoharibika. Touch of Evil ya mwongozaji Orson Welles, 1958. Mtu anatega bomu la saa, analiweka kwenye buti la gari, anakimbia. Mzee na mwanamke wanaingia garini bila habari. Kamera inapanda juu ya mapaa, inashuka, inalifuata lile gari kwenye mji wa mpakani kwa zaidi ya dakika tatu bila kukatwa hata mara moja. Gari linasimama kupisha mbuzi, linapita karibu na mume na mke wapya wanaotembea kwa miguu, wanaachana, wanakutana tena kwenye kizuizi cha mpaka. Mwanamke wa garini analalamika kuwa anasikia kitu kinalia tik tik kichwani. Mnajua kitakachotokea, hamjui lini wala nani atakuwa karibu.

Na juu ya picha hiyo, studio ya Universal ikabandika majina yote na muziki wa Henry Mancini. Jicho likisoma jina la mtunza mavazi, gari limekupotea. Welles aliandika waraka wa kurasa 58 kuhusu namna filamu nzima ilivyohaririwa, na kuhusu mwanzo huo alitaka zisikike redio za magari na muziki unaomwagika kutoka kwenye vilabu vya mtaani. Alikufa 1985. Toleo linalofuata waraka wake, lililohaririwa na Walter Murch, lilitoka 1998. Tazameni matoleo yote mawili. Kamera ni ile ile, waigizaji ni wale wale, ila la pili linakutoa jasho.

Nawasilisha. Karibuni tubishane.

Bi Kideo

Mkuu umemaliza nje huko, sasa njoo nyumbani. Filamu zetu: gari jeusi linakuja taratibu. Honi. Mlinzi anakimbia kufungua geti. Gari linaingia, linapaki. Kinanda kinalia. Dada anashuka, viatu kwanza. Anatembea mpaka mlangoni. Wakati wote huo majina yanapita, ya mtayarishaji, ya mfadhili, ya duka la nguo, ya saluni, shukrani kwa familia ya fulani kwa kutupa nyumba. Nikimaliza kumenya vitunguu ndiyo wanaanza kuongea 😂😂

Fundi Mitambo

@Bi Kideo umenichekesha, lakini lile geti usilidharau. Ukiona geti, gari na sofa za ngozi, tayari unajua: hapa kuna mali, kuna ndoa, kuna mama mkwe, na mtu atatoka kijijini na begi lake. Aina ya stori imekaa sawa kuliko filamu nyingi za nje. Kazi ya kwanza imefanyika vizuri kabisa.

Kinachokosekana ni ile ya pili. Gari linaingia, halafu? Mlinzi angesita sekunde mbili kabla ya kufungua. Au dada angeshuka na viatu vya harusi vyenye tope. Gharama ni ile ile.

Mchana wa Forodhani

Ahsante kwa mada ndugu yangu. Naona umekwenda Hollywood moja kwa moja, na sisi huku Unguja tumelelewa na picha za Kihindi. Basi niruhusu nikuletee Sholay, 1975.

Gari moshi linafika kwenye kituo kidogo, ofisa anashuka, anapokelewa na mtumishi mwenye farasi. Wanapanda, wanaondoka, na majina yanaanza kupita. Wanapita kwenye majabali, wanapita vijijini, gitaa la R. D. Burman linapiga, na hakuna anayesema neno. Watoto wa leo watasema inachosha. Mimi nasema yule mwongozaji, Ramesh Sippy, anakupa ardhi yote ambayo baadaye itamwagika damu. Ukifika kwa Thakur, mkubwa wa kijiji, umeshajua kuwa kijiji kiko mbali na kila kitu, na majambazi wakija hakuna wa kuwasikia. Na lile gitaa na farasi linakwambia hii ni picha ya makauboi, ila jua ni la India.

Mtego wenyewe uko mara tu baada ya majina. Thakur anamwambia yule ofisa amtafutie wahalifu wawili. Amesimama mbele yetu amejifunika shali. Picha yenye zaidi ya saa tatu, na siri iko chini ya ile shali tangu mwanzo. Asiyeijua sitamwambia.

Mbishi Daima

Naona mnasifia vitu vya wazee. Ukweli ni kwamba filamu za sasa zimeacha. Jina la kampuni, giza, picha inaanza, majina yote mwishoni. Na kwenye tamthilia Netflix wameweka kitufe cha kuruka tangu 2017. Mwaka 2022 wenyewe walisema kinabonyezwa mara milioni 136 kwa siku. Milioni 136, wakuu. Watu wameshapiga kura.

Hata James Bond, lile tundu la bunduki na damu inashuka. Nimeliona mara mia. Linanitega nini?

Fundi Mitambo

@Mbishi Daima kitufe kinabonyezwa kwa sababu tamthilia inarudia utangulizi ule ule kila sehemu, na mtu anameza sehemu tano usiku mmoja. Hata mimi nabonyeza. Hiyo haisemi kitu kuhusu kuuona mara ya kwanza.

Kuhusu kuhamishia majina mwishoni, hilo nalo limepiganiwa. George Lucas alifungua Star Wars ya 1977 kwa yale maandishi ya njano yanayopaa angani, ameyatoa kwenye michezo ya Flash Gordon iliyokuwa ikionyeshwa kwa sehemu sehemu kwenye sinema za miaka ya 1930. Yale maandishi yanakwambia mapema kwamba hii ni ngano ya kale yenye mashujaa, usije na daftari la fizikia. Alipotoa The Empire Strikes Back mwaka 1980, jina la mwongozaji Irvin Kershner likawekwa mwishoni. Chama cha waongozaji kikaja na faini. Lucas alilipa, akajitoa kwenye chama. Kwa hiyo hilo giza unalolisifia lina ugomvi nyuma yake.

Bond nakubaliana nawe nusu. Lile tundu lilibuniwa na Maurice Binder kwa Dr. No ya 1962, alipiga picha kupitia mtutu halisi, na anayetembea na kugeuka kwenye filamu tatu za kwanza si Sean Connery, ni mcheza hatari Bob Simmons. Kazi yake ni kengele ya shule: kaeni chini, tunaanza. Halina swali. Ndiyo maana kuanzia From Russia with Love, 1963, wakaweka kisa kizima kabla ya majina. Pale tunamwona Bond akiwindwa gizani bustanini na kunyongwa. Kisha anavuliwa uso, kumbe ni mtu mwingine aliyevalishwa sura ya bandia kwa ajili ya mazoezi ya muuaji. Ndipo majina yanaingia. Sasa unayasoma ukijua kuna mtu anafundishwa kumuua Bond. Swali wamelitoa nje ya majina, wakalileta kabla yake.

Kijana wa Kariobangi

Wadau, huku kwetu hii story iko na upande mwingine. Kwa kibanda cha video, majina hayapiti hivi hivi. Kuna mtu ako na maiki. DJ Afro ndiye anajulikana zaidi Kenya, Uganda wako na VJ wao, na nasikia Dar mlikuwa na Lufufu. Muvi ikianza, kama ni ya Hong Kong hakuna mtu anasoma zile herufi. Jamaa anaingilia hapo anakuambia huyu ndiye shujaa, yule mwenye masharubu usimwamini, kaa ngumu. Mara nyingine anaharibu siri yote kabla ya ngumi ya kwanza na bado watu hawatoki.

Who Killed Captain Alex? ya mwongozaji Nabwana pale Wakaliga, Kampala, ile imesambaa YouTube iko na sauti ya VJ Emmie ndani, huwezi kuitoa. Ukiangalia mwanzo wake, anayekwambia hii ni action si herufi, ni yule jamaa anavyopiga kelele. Saul Bass wetu ako na mdomo.

Fundi Mitambo

@Kijana wa Kariobangi hii sikuwa nimeifikiria, na ni nzito. Ina maana kwenye kibanda umiza tatizo la Welles halipo kabisa. Jicho linabaki kwenye picha, majina yanakuja kwa sikio.

Mbishi Daima

Hapo kwenye jicho kuna kitu. Mbona kuna filamu majina yamejaa skrini nzima na bado unaona kinachoendelea nyuma? Ile ya Kubrick ya bomu la nyuklia.

Fundi Mitambo

Umepiga penyewe! Dr. Strangelove, 1964. Ndege ya kivita inajazwa mafuta angani na ndege nyingine, muziki laini wa mapenzi unapiga, na zile ndege mbili zinaonekana, niseme kwa adabu kwa kuwa wapo watoto humu, kama zinabembelezana. Kubrick alitaka vyote viwili vionekane kwa pamoja, ndege na majina. Pablo Ferro akachora kwa mkono herufi nyembamba sana, ndefu, zinazojaza skrini kutoka ukingo mpaka ukingo. Kwa kuwa ni nyembamba, ndege inapita katikati yake. Universal wangekuwa na herufi kama hizo mwaka 1958, huenda Welles angeandika kurasa 57.

(Na humo humo kuna neno limekosa herufi moja, pale wanapotaja kitabu ilichotokana nacho. Halikurekebishwa. Kwa hiyo wanaokosea kuandika humu jukwaani msiogope.)

Ila kilichonifurahisha zaidi ni kwamba aina ya filamu inatangazwa kwa kugongana. Picha ni ya vita, muziki ni wa mapenzi, mwandiko ni wa mtoto mtundu. Hakuna mzaha uliosemwa, lakini ukumbi umeshajua hii ni kejeli.

Dada wa Maktaba

Mimi sipendi za kutisha ila The Shining ya 1980 niliiona na sijaisahau. Hakuna herufi za damu, hakuna popo. Ni helikopta tu inafuata gari dogo la njano kwenye barabara ya milimani, mchana kweupe. Uzuri wa kadi ya salamu. Kwa nini basi niliogopa?

Fundi Mitambo

@Dada wa Maktaba sababu ziko tatu kwa ninavyoiona. Muziki ni Dies Irae, wimbo wa kale wa misa ya wafu, uliopigwa na Wendy Carlos na Rachel Elkind kwa vyombo vya umeme. Hata asiyeujua anausikia msiba ndani yake. Kamera nayo haitembei kama mtu. Inalishukia gari, inalipita, inaliacha. Kuna kitu kinaangalia, na hakina miguu. Na majina yanapanda kutoka chini kwenda juu, vile tulivyozoea kuyaona picha ikiwa imekwisha. Familia bado haijafika hotelini na tayari inaagwa.

Barabara yenyewe ni Going-to-the-Sun, Montana, ingawa stori inasema ni Colorado. Mabaki ya picha hizo za angani Ridley Scott aliyaomba akayatumia mwishoni mwa Blade Runner ya 1982, safari hii kama mwisho wenye matumaini. Milima ile ile, muziki tofauti.

Dogo wa Kompyuta

Shikamooni wakubwa. Mimi nahariri filamu fupi na wenzangu wa mtaani. Tuna kamera moja ya kuazima na simu. Stori ni ya fundi cherehani anayekuta barua kwenye mfuko wa koti la mteja aliyefariki. Hatuna hela ya helikopta 😅 Mnanishauri nini kwenye majina?

Fundi Mitambo

Marahaba dogo. Una stori nzuri kuliko wenye helikopta.

Kabla ya yote tafuta To Kill a Mockingbird ya 1962, uangalie majina tu, yametengenezwa na Stephen Frankfurt. Kuna boksi la mtoto, ndani yake kalamu za rangi, gololi, saa mbovu, na kamera iko karibu mno. Sauti ya mtoto anajiimbia. Hakuna zaidi. Baadaye kwenye stori unajua vile vitu vilitoka kwa nani, na kwa nini. Hiyo unaweza kuifanya mezani kwako na taa moja.

Wewe una cherehani. Piga karibu: sindano, chaki, mkasi, uzi, utepe wa kupimia. Sauti ya pedali iwe ndiyo muziki wako, usiweke kinanda. Halafu koti. Mkono unakagua mshono, unapapasa mfuko, unasimama. Kata hapo. Barua usiionyeshe hata kona yake. Mkono ukisimama, nasi tunasimama nao.

Majina usiyaweke juu ya mkono unaofanya kazi. Yaweke kwenye kitambaa kitupu, pale jicho halina pa kwenda, na usimrundikie mtu majina matatu kwa mara moja. Ukiweza, yaandike kwa chaki ya fundi kwenye kitambaa chenyewe ukayapige picha. Na waambie waliowapa koti na chumba kuwa watashukuriwa mwishoni.

Bi Kideo

Na lisiwepo geti.

Dogo wa Kompyuta

😂😂 Geti hakuna, fundi wetu anakaa barazani. Asanteni sana wakuu. Ila kuna jambo: anayeigiza marehemu ni mchekeshaji anayejulikana sana mtaani kwetu, na anaonekana kwenye picha moja ya ukutani tu, karibu na mwisho. Jina lake nilikuwa nimeliweka la kwanza ili watu wavutike.

Mbishi Daima

Litoe. Rudi juu usome habari ya Spacey.

Fundi Mitambo

@Mbishi Daima leo umenena. Dogo, litoe mwanzo, lipeleke mwishoni, liwe la kwanza na peke yake kwenye skrini. Na umwambie mwenyewe mapema, kabla hajaalika ukoo mzima kuja kutazama. Ukimaliza weka kiungo hapa hapa tuikosoe.